Maswali ya Wasomaji: Kupanda Kutoka LPN Hadi RN Nchini Marekani

Mwezi huu tumekusanya maswali ya wasomaji walioko Marekani, au wanaojiandaa kwenda huko, wanaotaka kuwa wauguzi waliosajiliwa, yaani RN. Kwa wasiozoea majina haya: CNA ni msaidizi wa wagonjwa, na LPN ni muuguzi mwenye leseni wa ngazi iliyo chini ya RN. Texas na California, LPN huitwa LVN.

Mimi ni LVN hapa Houston, mwaka wa nne kazini. Chuo cha mtandaoni cha jimbo jingine kinanihakikishia nitakuwa RN kwa miezi kumi, ila wanataka dola 3,000 za kushikia nafasi kabla wiki haijaisha. Nilipe?

Usilipe wiki hii, dada. Chuo kizuri hakimkimbizi mwanafunzi.

Anza kwenye tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya Texas, kisha ile ya jimbo kilipo chuo. Tafuta jina la chuo, kozi yenyewe na kampasi utakayosajiliwa, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na kozi iliyoidhinishwa na nyingine isiyoidhinishwa. Ukihitimu kozi ambayo bodi yako haiitambui, hutaruhusiwa kufanya NCLEX-RN, mtihani wa kupata leseni ya RN, na ada uliyolipa hairudi. Vyuo vinavyopokea misaada ya serikali ya shirikisho vinatakiwa kutangaza ni majimbo gani kozi yao inakidhi masharti ya leseni. Ukurasa huo utafute, na jina la Texas ulione kwa macho yako.

Pili, ithibati. Kwa kozi za uuguzi, mashirika yanayoitoa ni ACEN, CCNE na CNEA. CCNE hushughulikia shahada ya kwanza na kuendelea tu, kwa hiyo anayekuuzia shahada ndogo ya miaka miwili, ile ADN, huku akijivunia ithibati ya CCNE, anakudanganya. Kukosa ithibati huuma baadaye: ukitaka kusonga hadi BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, au kuajiriwa katika hospitali za VA, zile za serikali za waliowahi kuwa wanajeshi, mlango unafungwa.

Tatu, na hapa ndipo wengi wa kozi za mtandaoni hukwama: nani atakutafutia hospitali ya mafunzo kwa vitendo? Nadharia utaisoma sebuleni, lakini saa za wodini lazima uzifanye mbele ya mgonjwa. Vyuo vingine humwachia mwanafunzi azitafute mwenyewe. Hospitali nyingi tayari zina mikataba na vyuo vya jirani, hivyo humkatalia mgeni, naye hukaa muhula baada ya muhula akisubiri huku muda wa kozi ukihesabiwa. Omba kwa maandishi jina la hospitali, wadi utakazopitia na mtu atakayekusimamia. Wakijibu "tutaona ukishaanza", tafuta kwingine.

Nne, usiridhike na asilimia ya waliofaulu NCLEX. Tuseme wameingia 60, wengi wakatolewa njiani au wakazuiwa na mtihani wa ndani wa kumalizia, wakabaki 20, wakafaulu 19. Chuo kitatangaza asilimia 95, lakini kati ya walioingia ni chini ya theluthi moja waliofika. Kwa hiyo uliza mambo mawili: wangapi hufaulu mara ya kwanza, na wangapi humaliza kwa muda uliopangwa. Kwenye ufaulu wa mara ya kwanza, chini ya asilimia 80 ni dalili mbaya.

Kuhusu ile miezi kumi, mara nyingi huhesabiwa baada ya masomo tangulizi: anatomia na fiziolojia sehemu ya 1 na ya 2, mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza na saikolojia ya ukuaji. Ukianza bila hayo, ongeza mwaka. Kama uliyasoma zamani, uliza yanakubaliwa kwa muda gani, maana vyuo vingi hukataa sayansi iliyozidi miaka mitano au saba.

Jambo la mwisho ni zito. Januari 2023 serikali ya Marekani ilifichua vyeti bandia zaidi ya 7,600 vilivyouzwa kupitia shule tatu za Florida. Wapo walionunua wakapata leseni na kazi, kisha bodi zikawafuata hadi wodini. Anayekuuzia cheti bila masomo anakuuzia kesi.

Niko Minnesota, ni CNA. Nipitie LPN kwanza, au niende RN moja kwa moja?

Ukitoka CNA, kwa kawaida hakuna kozi ya mkato ya kukuvusha hadi RN. Uzoefu wako utakusaidia sana wodini na huongeza alama za maombi kwenye baadhi ya vyuo, lakini hauondoi masomo. Kwa hiyo hesabu ni hii: LPN ni kama mwaka mmoja, kisha kozi ya kupanda mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na masomo tangulizi juu yake. ADN ya moja kwa moja ni takriban miaka miwili baada ya masomo hayohayo.

Kama una nafasi ya ADN mkononi, ichukue. LPN ina maana pale unapohitaji mshahara mkubwa mapema, au foleni ya ADN ni ndefu. Na ukiipitia, chagua chuo cha jamii (community college) chenye LPN na RN chini ya paa moja, ili krediti zako zisipotee njiani.

Ada ya vyuo hivyo ni nafuu kuliko ya vyuo binafsi vinavyotafuta faida. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya masomo ya serikali ya shirikisho; ni bure. Ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika dola 7,395, na hairudishwi. Mwenye kadi ya kijani na mkimbizi aliyepokelewa kisheria wanaweza kuomba. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi. Ina kikomo cha maisha, kama mihula 12 ya kusoma kwa muda wote, kwa hiyo usiichomee kwenye kozi usiyo na uhakika nayo. Mwajiri naye anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kodi. Soma mkataba: wengi hudai ubaki nao kwa muda fulani, la sivyo urudishe fedha.

Nina diploma ya KRCHN (muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii) kutoka Kenya na ninamfuata mume wangu Massachusetts. Watu wananiambia nianze CNA, kisha nipande. Ni kweli?

Hapana, mama. Wewe tayari ni muuguzi aliyesajiliwa nyumbani, na kuanza chini ni kupoteza miaka. Njia yako ni tathmini ya vyeti, ambayo bodi nyingi huikabidhi shirika la CGFNS, siku hizi TruMerit. Chuo ulichosoma na Baraza la Uuguzi la Kenya hutuma rekodi zako moja kwa moja. Ukizibeba mwenyewe hazipokelewi. Shughulikia hilo kabla hujasafiri, maana kumfuatilia karani wa chuo ukiwa Boston ni kazi kubwa. Bodi ikikuta pengo, mathalani saa za watoto au za magonjwa ya akili, inaweza kukuruhusu usome somo hilo tu, kisha ufanye NCLEX-RN.

Mwenye cheti cha muuguzi wa ngazi ya pili, awe wa Kenya au Tanzania, hali yake ni tofauti. Marekani huhesabiwa karibu na LPN. Kama bado yuko nyumbani, ajiendeleze hadi diploma kabla ya kuondoka.

LPN-ADN au LPN-BSN?

Mtihani ni uleule na leseni ni ileile. Kama una watoto na kodi ya nyumba, chukua ADN, anza kupata mshahara wa RN, kisha umalizie BSN mtandaoni ukiwa kazini. Nenda BSN moja kwa moja kama hospitali za mji wako haziajiri bila hiyo. Matangazo yao ya kazi yatakuambia. LVN wa California awe macho na njia ya krediti 30: inakupa leseni bila shahada, na majimbo mengi hayaitambui.

Nimekubaliwa, naanza Agosti. Ni nini huwaangusha watu mapema?

Karatasi za afya, kabla hata ya darasa. Chanjo ya homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukingoja Julai, umechelewa. Omba pia kipimo cha damu cha kinga ya surua na tetekuwanga. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, hivyo kipimo cha TB cha ngozi kinaweza kuvimba bila ugonjwa ukapelekwa kwenye eksirei. Omba kile cha damu kiitwacho IGRA, BCG haikivurugi.

Kisha mtihani wa hesabu za dawa. Vyuo vingi hudai asilimia 90 au zaidi, na nafasi za kurudia ni chache. Jizoeze kila siku. Daktari ameagiza heparini yuniti 1,200 kwa saa; mfuko una yuniti 25,000 ndani ya mililita 250. Kila mililita ina yuniti 100, kwa hiyo weka pampu kwenye mililita 12 kwa saa. Uzito wa pauni ugawe kwa 2.2 upate kilo: pauni 176 ni kilo 80. Andika 0.5, kamwe si .5, andika 5, kamwe si 5.0, maana nukta isipoonekana, mgonjwa anapewa dozi mara kumi.

Na zamu za usiku. Siku ya wodini huanza kabla ya saa moja asubuhi, na mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku uliotangulia hurudishwa nyumbani na vyuo vingi; siku hiyo huandikwa kuwa umekosa. Zungumza na msimamizi wako wa kazi sasa, akupangie wikendi.