Baridi ya Makete na baridi ya Glasgow si baridi moja

Mleta mada ameuliza hivi: amezaliwa Njombe, amepata nafasi ya kusoma Glasgow, Scotland, na anaondoka mwezi wa tisa. Rafiki zake wa Dar wanamtisha kwa habari za baridi, naye anaona mtu wa Njombe hana cha kuogopa. Anataka aliyekaa pande zote mbili amweleze.

Mdogo wangu, mimi ni wa Makete, mkoa wako huohuo wa Njombe, nimekulia upande wa Matamba, chini kidogo ya uwanda wa juu wa Kitulo. Glasgow nimekaa miaka minne kwa masomo. Nitakujibu kwa kirefu, maana niliondoka nyumbani nikiwa na imani kama yako, na mwaka wa kwanza uliniumiza.

Kwa nyuzijoto peke yake, uko sahihi. Januari Glasgow mchana ni kama nyuzi 6 au 7, usiku 1 au 2. Kitulo mwezi wa sita na wa saba tunaamka nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, na ndoo iliyolala nje ina utando wa barafu. Tena kwetu ukishaota moto jikoni, chumbani baridi inakusubiri kwenye shuka. Kule nyumba zina mabomba ya maji ya moto ukutani na madirisha yanayoziba upepo. Nimelala na baridi kali zaidi Makete kuliko Scotland. (Ukipanga, angalia mita. Nyumba nyingine zina mita ya kulipia kabla, kama LUKU, na ikikata usiku wa Januari hakuna jiko la mkaa la kukimbilia, wala usithubutu kuwasha la namna hiyo ndani.)

Ila asili ya baridi hizi mbili ni tofauti, na hapo ndipo nilipokosea.

Baridi yetu inaletwa na mwinuko. Tuko kama nyuzi 9 tu kusini ya ikweta, lakini tumepandishwa juu, na kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama 6. Mlima mrefu kuliko yote Uingereza ni Ben Nevis, mita 1,345. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi, Njombe zaidi ya hapo. Yaani mama anayeuza nyanya sokoni Mwanjelwa, Mbeya, amekaa juu kuliko kilele chao. Hata Tukuyu iko juu kuliko Ben Nevis, na Tukuyu kuna migomba na chai, wakati Ben Nevis theluji hukaa mpaka majira ya kuchipua na juu kule hakuna hata mti. Nilipolifikiria hilo ndipo nikaelewa kwamba mwinuko ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni jua.

Glasgow iko karibu nyuzi 56 kaskazini. Sisi hata katikati ya kipupwe, saa sita mchana jua limepanda nyuzi kama 57 kutoka upeo wa macho. Ndiyo maana asubuhi unatetemeka na koti, saa tano umelivua, saa saba unatafuta kivuli cha mti. Glasgow mwezi wa kumi na mbili jua la saa sita mchana halifiki hata nyuzi 11. Linachungulia juu ya mapaa ya nyumba, linatembea kidogo pembeni, linazama. Linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo alasiri, na siku nyingi hulioni kabisa kwa mawingu.

Hilo ndilo lililonipiga. Desemba ya kwanza nilikuwa naingia maabara giza na kutoka giza. Nikaanza kuchoka, miguu inauma, Jumamosi nalala mpaka mchana. Nikadhani ni malaria niliyotoka nayo nyumbani. Daktari akanipima, malaria hakuna, akakuta vitamini D imeshuka sana. Akanieleza kwamba ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili kuitengeneza, na jua la kule wakati wa baridi ni dhaifu mno. Serikali yao yenyewe inashauri watu wameze vidonge vyake, mikrogramu 10 kwa siku, kuanzia majira ya majani kupukutika na kipindi chote cha baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kumeza mwaka mzima. Anza mwezi wa kumi. Usisubiri uumwe kama mimi. Na kila siku, hata kwa nusu saa, toka nje saa sita mchana utembee. Nakusisitizia hili kuliko koti lolote.

Halafu mvua. Kwetu mvua ina msimu wake: inaanza mwezi wa kumi na moja, inakwisha wa nne au wa tano, kisha mkulima anajua ni ukavu na upepo. Kule msimu wa ukavu haupo. Ukihesabu milimita, Tukuyu inapita Glasgow kwa mbali: Tukuyu inapata zaidi ya 2,000 kwa mwaka, Glasgow kama 1,100 na kitu. Lakini ya Tukuyu inamwagika, ya Glasgow inanyunyiza, karibu nusu ya siku za mwaka, na inakuja na upepo wa baharini unaogeuza mwavuli. Usinunue mwavuli. Nenda kwenye mitumba utafute koti lisilopitisha maji, lenye kofia, refu mpaka mapajani. Makoti ya sufu tunayovaa Makete yanalowa na kuwa mzigo.

Jambo moja utalitambua haraka kwa sababu ni la kwetu. Upepo wenye unyevu ukitoka Ziwa Nyasa unagonga mlima Rungwe, mvua inaishia Tukuyu, na Usangu nyuma ya milima inabaki kavu. Scotland upepo unatoka Atlantiki, milima ya magharibi inauvua maji, na Edinburgh upande wa mashariki inapata kama milimita 700 tu. Bahari hiyohiyo ndiyo inayowaokoa na barafu: mkondo wa maji ya uvuguvugu unapita pwani yao. Moscow iko karibu mstari mmoja na Glasgow, na Januari ya Moscow ni barafu tupu.

Mwaka wa pili nilipanda treni ya kutoka Glasgow kwenda Fort William. Inapita Rannoch Moor. Nilipotazama dirishani nilinyamaza: nyasi mpaka mwisho wa macho, vidimbwi, ukungu, hakuna mti. Kitulo yangu, kasoro maua. Rannoch iko kama mita 300 juu ya bahari, Kitulo ni 2,600. Kwetu kutoka migomba ya Kyela mpaka nyasi zile unapanda zaidi ya mita 2,000 kwa siku moja na Coaster. Wao hawakupanda, wako kaskazini tu. Nilimpigia mama simu palepale, nikamwelezea. Akauliza kama wanapanda viazi. Wanapanda, mwezi wa nne, mara moja kwa mwaka.

Na usikate tamaa mapema, kwa sababu deni la giza linalipwa. Mwezi wa sita jua linachomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Nunua pazia zito, la sivyo hulali. Sisi tuliozoea mchana na usiku wa saa 12 kwa 12, mwili unachanganyikiwa kwa furaha.

Kuhusu simu za nyumbani: tuko mbele yao kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto, maana wanabadili saa mwisho wa mwezi wa tatu na wa kumi. Ukipiga saa mbili usiku ya huko katikati ya Januari, mzee wako ameshalala.

Nguo gani ubebe na zipi ununue kulekule, niulize ukishapata tarehe ya tiketi.