Chaja ya Raspberry Pi 4 na sauti ya muziki
Mkuu, umeuliza kama kubadilisha pawa saplai (chaja) ya Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kunaboresha sauti ya muziki. Kunasaidia hasa pale DAC yako (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya) inapokula umeme wa hiyo hiyo Pi, yaani ile ya kuchomeka juu ya bodi au ya USB isiyo na adapta yake. Kama DAC ina umeme wake na Pi yenyewe inapata umeme wa kutosha, usitupe hela.

Pi 4 inataka volti 5.1 ampea 3, chaja nyingi za simu zikibebeshwa mzigo volti zinashuka, zikifika chini ya 4.63 hivi unaona alama ya radi kwenye skrini na prosesa inapunguza kasi, muziki unaweza kuanza kukatikakatika. Andika amri ya vcgencmd get_throttled kwenye terminal ya Pi, ikijibu 0x0 ujue umeme unatosha. Mimi nilikuwa natumia chaja ya simu, wimbo ukiisha spika zinatoa mlio mwembamba kama mbu sikioni, nikaweka adapta yake halisi mlio ukapotea kabisa, pawa saplai ya transfoma ya bei mbaya wala sikuihitaji.

Ila kama unachosikia ni mngurumo mzito, mara nyingi hiyo ni shida ya ethi (waya wa ardhini), chomeka Pi na amplifaya kwenye ekstensheni moja kwanza kabla hujanunua kitu.