Siku nne za Cape Town: nipunguze swala au nitimize?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Lamu. Desemba tunakwenda Afrika Kusini, marafiki sita, wawili wao si Waislamu. Tutafika Cape Town Jumatano jioni, na Jumatatu asubuhi tutaondoka kwa gari la kukodi tufuate barabara ya N2 hadi Gqeberha, tukilala Mossel Bay, Knysna na Plettenberg Bay usiku mmoja mmoja. Je, nipunguze swala (za rakaa nne niziswali mbili) na kuzikusanya (mbili kwa wakati mmoja) safari nzima? Na mchango wa chakula ni wa pamoja, ilhali wengine watanunua pombe.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Safari nzima, hapana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humkatikia anapofika. Toa Jumatano, toa Jumatatu: zimebaki Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Basi Cape Town utaswali rakaa nne, kila swala kwa wakati wake, na swala ya Ijumaa itakulazimu. Mngenuia kuondoka Jumapili ungebaki msafiri, lakini sioni haja ya kubadilisha mipango kwa hilo. Misikiti ipo; wa Auwal, mtaa wa Bo-Kaap, ni wa mwaka 1794, na Ushafi umeenea kule kama kwetu.

Siku ya kutoka Lamu usikusanye nyumbani. Safari yako huanza boti inapong'oa kwenda uwanja wa ndege wa Manda.

Jumatatu rukhsa, yaani ruhusa ya msafiri kupunguza na kukusanya, inarudi. Umbali unaotakiwa ni marhala mbili, kiasi cha kilomita 82, na Mossel Bay iko karibu kilomita 390. Ila haianzi mlangoni mwa hoteli; huanza mkishayapita majumba ya mji, na Cape Town imetambaa sana. Kwa tahadhari, ngoja mpande mlima wa Sir Lowry's Pass. Mwezi huo adhuhuri huingia huko karibu saa saba kasorobo, na alasiri kiasi cha saa kumi na nusu. Mkisimama Swellendam kula, swali zote mbili hapo: adhuhuri kwanza, unuie kukusanya kabla hujatoa salamu yake, kisha alasiri papo hapo. Wengi huharibu hapa kwa kuswali adhuhuri, wakala, wakazungumza, ndipo wakakumbuka alasiri. Pengo likirefuka kukusanya kumevunjika, na alasiri itangoja wakati wake.

Nia ya kupunguza iwe pamoja na takbira ya kuhirimia, ile ya kuanzia swala. Ukiisahau, timiza nne. Ukimfuata imamu anayetimiza, hata katika tahiyatu ya mwisho, timiza pia. Magharibi na alfajiri hazipunguzwi. Jua hulala karibu saa mbili usiku, na isha huchelewa mno kwa mtu aliyechoka na barabara, kwa hivyo ukiikusanya na magharibi siku hizo za njiani ni sawa.

Faradhi haiswihi ukiwa umekaa kitini gari likienda, dereva asimame. Kibla cha Lamu ni kaskazini karibu sawasawa; Cape Town ni kama nyuzi 23 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na hupungua kidogo kidogo mnavyokwenda Gqeberha. Dira ya simu hudanganya ikiwa karibu na bati la gari, basi jitenge nalo hatua kadhaa.

Samaki, kamba na kome ni halali. Uliza mambo mawili tu: sufuria imetiwa mvinyo? (Kome hupikwa hivyo mara nyingi.) Mafuta yamekaangiwa nguruwe?

Ama mchango, fanyeni mifuko miwili kabla ya kuondoka Lamu: wa chakula na mafuta ya gari, na wa pombe kwa wanaoinywa. Usiweke shilingi katika huo wa pili, usinunue kwa niaba yao, wala usiwapeleke kwenye mashamba ya mvinyo ya Stellenbosch hata kama wewe ndiye dereva. Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, chupa ikifunguliwa, hamia meza nyingine na wenzako Waislamu. Safari yenyewe ni ya halali, kwa hivyo pombe yao haikuondolei rukhsa ya kupunguza.

Wallahu aalam.