Barua kwa Mwanangu: Mdakaji wa Toledo

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Umeniuliza kama ni kweli kwamba Jackie Robinson, ambaye kwa heshima yake wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli huko Marekani huvaa namba 42 kila tarehe 15 Aprili, ndiye mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi hiyo. La, si kweli. Robinson aliingia mwaka 1947 katika mchezo ambao weusi waliwahi kuucheza kisha wakazuiwa, na mmoja wao alikulia hapo hapo Ohio unapoishi.

Huyo ni Moses Fleetwood Walker. Baada ya kusoma Chuo cha Oberlin na Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1883 alisajiliwa na Toledo, timu ambayo mwaka uliofuata iliingia American Association, mojawapo ya ligi kuu za wakati huo. Alicheza mechi 42 msimu huo wa 1884 (kufanana na namba ya Robinson ni sadfa tu). Wapo wanaomtaja William Edward White, aliyecheza mechi moja mwaka 1879, kuwa ndiye wa kwanza, lakini yeye aliishi akihesabiwa kuwa mzungu.

Walker alikuwa mdakaji, yaani yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji. Siku hizo mrushaji alisimama futi 50 tu kutoka kwa mpigaji, na wadakaji walitumia mikono mitupu au glavu nyembamba za ngozi, hivyo kuvunjika vidole lilikuwa jambo la kawaida. Salama ya mdakaji ni kujua mpira gani unakuja, ndiyo maana humpa mrushaji ishara. Sasa mrushaji wa Toledo, Tony Mullane, kwa kuchukia weusi, alizipuuza ishara hizo makusudi. Siku moja Walker aliomba mpira wa kupinda, Mullane akavurumisha wa kasi. Walker akaudaka, akamfuata, akamwambia kwamba yu tayari kudaka bila ishara yoyote, lakini hatakubali kutoa ishara kisha ageukwe. Msimu wote uliobaki alidaka hivyo, bila kujua kinachokuja. Aliyesimulia haya miaka mingi baadaye ni Mullane mwenyewe, akikiri kwamba hakupata kucheza na mdakaji bora kuliko huyo. Kwangu mimi, ungamo hilo lina uzito kuliko takwimu zote.

Agosti 1883, Cap Anson, nahodha wa Chicago, aligoma kucheza ikiwa Walker angepangwa. Alipoambiwa kwamba angekosa mgawo wa viingilio, alicheza. Miaka minne baadaye chuki hiyo ilipata kura: tarehe 14 Julai 1887, Walker akiwa katika timu ya Newark, viongozi wa International League, ligi ya daraja la chini aliyokuwa akiichezea, waliamua kutosajili tena weusi. Waliokuwamo waliruhusiwa kubaki, naye akaichezea Syracuse hadi 1889. Baada yake hapakuwa na mweusi mwingine katika ligi hiyo hadi Robinson alipojiunga na Montreal mwaka 1946.

Mwaka 1908 Walker alichapisha kitabu kidogo akiwahimiza Wamarekani weusi wahamie Afrika, kwa kuwa hakutarajia tena haki huko kwao. Shauri hilo silikubali, ila kwa mtu aliyepitia hayo, sishangai kwamba alilitoa.

Wasalimie wajukuu zangu.

Baba yako