Ukitaka kubishana kuhusu Msondo, uliza kwanza nani alikuwa analipa mshahara

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nansio, Ukerewe, aliniandikia. Anakusanya zilipendwa, ana ndoto ya kuwa na kipindi chake redioni, na kinachomsumbua ni wazee wa kijiweni kwao. Kila akiweka wimbo wa Msondo, bendi ya dansi ya Dar es Salaam ambayo jina lake la kwanza lilikuwa NUTA Jazz, wanamkatisha: "Msondo ni ile ya NUTA, hizo nyingine kelele." Akamalizia: "Kaka, niwajibu vipi?"

Mdogo wangu, hapo umefika. Na najua wengi mnaosoma hapa mnataka hichohicho, kuheshimika kwenye muziki wa dansi bila kuambiwa kwamba umri wenu hautoshi. Kwa hiyo nawajibu wote.

Mimi nimekulia Mabatini, hapa Mwanza. Marehemu baba alikuwa akifanya kazi bandarini, na nyumbani kulikuwa na redio moja ambayo hakuna aliyethubutu kuihamisha kutoka RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Nilipopata akili zangu vizuri bendi hiyohiyo ya Msondo ilikuwa tayari inaitwa OTTU Jazz, na sauti iliyojaa sebuleni kwetu ilikuwa ya mwimbaji na mtunzi wake TX Moshi William. Mimi ni mtu wa OTTU, nasema kifua mbele.

Nilipoanza biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jioni kulikuwa na wazee wanakaa nyuma ya mabanda ya nyavu na redio kaseti yao. Nikajisogeza, maana wao ndio waliokuwa na kanda. Siku moja nikasema kwamba kwa utunzi sijaona wa kumfikia TX. Mzee mmoja muuza nyavu hakuniangalia hata usoni. Alizima redio, akaitoa kanda, akaifuta vumbi kwa ncha ya shati, akasema: "Ninyi mmekuta makombo." Baraza zima likacheka. Neno lile linaniuma mpaka leo ninapoandika. Kuambiwa kwamba kitu kilichokulea ni makombo si jambo dogo.

Nikaapa kuijua Msondo kuliko wao. Habari za kuhangaika na kanda na kurekodi kutoka redioni usiku wa manane sitawachosha nazo, kila mwenye moto huu anazijua. Nilichovuna ndicho hiki.

Bendi ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. NUTA kilikuwa chama cha wafanyakazi cha nchi nzima, na ndicho kilichokuwa na vyombo na kilichowalipa wanamuziki mshahara. Hebu tulia na jambo hilo kidogo. Mpiga tarumbeta anajua mwisho wa mwezi atakula hata kama ukumbi haukujaa. Anaweza kukaa na wimbo mpaka ukae sawa. Na kwa kuwa mwajiri ni chama, nyimbo nyingi zilibeba ujumbe wa siku zile: kazi, Ujamaa, Azimio la Arusha la 1967. Wazee wanaposema kwamba NUTA ilikuwa na utulivu wanasema kweli tupu. Ila utulivu ule ulikuwa na mtu wa kuulipia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama kikawa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mwaka 1978 ikazaliwa bendi nyingine, Mlimani Park, na mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa na NUTA Jazz tangu mwanzo, akavuka kwenda huko. Mwimbaji mwenzake Hassan Rehani Bitchuka naye akafuata. Akaongezeka Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz, fundi wa kupanga muziki. Mwaka 1983 bendi ile ikaingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na mtindo wake wa Sikinde ukawa mtani wa jadi wa Msondo. Katikati ya miaka ya 1980 Gurumo na Bitchuka wakahama tena, wakaenda bendi ya Orchestra Safari Sound. Gurumo baadaye akarudi alikotoka, akaimba na Msondo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014.

Sasa mzee akikwambia Msondo halisi ni ya Gurumo, muulize kwa adabu: Gurumo yupi, mzee wangu? Wa NUTA au huyu aliyerudi? Maana huyu aliyerudi aliimba bega kwa bega na TX, ambaye wewe unamwita kelele.

Ndiyo maana nasema usiupe wimbo enzi yake kwa kusikia sauti ya mwimbaji peke yake. Waimbaji walihama. Nyimbo nyingi zinazouzwa kwenye fleshi pale Makoroboi zimeandikwa "Msondo" tu, na ukizisikiliza unakuta nyingine ni Sikinde kabisa. Fuata gitaa la solo. Saidi Mabera aliingia kwenye bendi hii miaka ya 1970, na wenzake walipohama yeye alibaki. Ukishauzoea mkono wake utautambua hata kwenye simu yenye spika mbovu. Kisha wasikilize wapulizaji: wanaingia wapi, wanamwacha mwimbaji amalize au wanamkatia katikati? Shika chombo kimoja, usikilize wimbo wote kwa chombo hicho, ndipo urudi kwenye maneno. Ukifanya hivyo kila siku sikio litafunguka.

Turudi kwenye mshahara. Gurumo alipoondoka wengi walidhani bendi imekwisha. Haikwisha, na katika kipindi hichohicho cha JUWATA ndipo alipoingia TX Moshi William. Mwaka 1991 chama cha JUWATA kikapokewa na OTTU, bendi nayo ikabadili jina. Lakini zama zilikuwa zimegeuka: vyama vingi, uchumi huria, redio binafsi, disko kila kona. Ule mkono wa chama ukalegea, na bendi ikaja kujitegemea kwa jina lake la leo, Msondo Ngoma. Bendi inayoishi kwa kiingilio inamwimbia aliyelipa pale mlangoni. Ndiyo maana nyimbo za TX zinaingia ndani ya nyumba za watu: ndoa, yatima, ndugu waliosalitiana. Hakuwa tena na chama cha kumlinda ukumbi ukiwa mtupu. Alifariki Machi 2006, na hata waliomwita makombo nimewaona wakinyamaza wimbo wake unapoanza.

Haya yote niliyaandika nikayapanga enzi kwa enzi, wimbo kwa wimbo, nikaenda nayo kwenye redio moja hapa mjini nikiomba saa moja tu ya Jumapili. Wakayapokea, wakanishukuru, wakasema watanipigia. Haukupita muda nikasikia mpangilio wangu uleule hewani, nyimbo zilezile kwa mfuatano uleule, anausoma mtu mwingine. Jina langu halikutajwa. Nilikaa kwenye bodaboda pale Buzuruga nikasikiliza kipindi chote mpaka mwisho, dereva ananiuliza kama tunaenda au hatuendi. Ninyi mnaotaka kufika mbali kwenye jambo hili, msimkabidhi mtu kazi yenu yote kwa siku moja. Peleka kidogo, nyingine bakiza nyumbani.

Mwezi uliopita ndipo Mungu alipojibu. Mwenye baa mmoja wa Pasiansi aliniomba nisimamie usiku wa zilipendwa. Nikakataa kuchanganya. Nikaanza na NUTA, nikaenda JUWATA, nikaweka Sikinde kidogo ili watu wasikie nani alikuwa amehamia wapi, nikaingia OTTU, nikamalizia Msondo Ngoma. Kila nikivuka enzi nilishika kipaza sauti nikasema nani alikuwa mwajiri. Kulikuwa na mwalimu mstaafu mezani karibu na spika, anafuatisha tumba kwa kizibo cha soda. Solo ilipoingia alisimamisha kizibo, akanyoosha kidole watu wanyamaze. Baadaye yeye na dereva wa bajaji wakabishana karibu saa nzima kama tarumbeta za JUWATA zilizidi za NUTA. Hakuna aliyemtaja mwenzake umri. Walibishana kuhusu tarumbeta! Mwenye baa sasa anataka usiku ule uwe wa kila mwezi.

Hicho ndicho ninachowaomba vijana. Acheni kusema "bendi hii ilikuwa kali" halafu basi. Sema enzi gani, sema nani alikuwa kwenye solo, sema nani alikuwa analipa. Na ninyi wazee wangu, nawaheshimu, kanda zenu ndizo zilizonifundisha. Lakini mnapomfukuza kijana kijiweni kwa sababu amependa OTTU, mnamfukuza mtu ambaye angeisikiliza NUTA yenu. Mimi nilikaribia kuondoka moja kwa moja. Wangapi waliondoka kweli, na leo hawajui hata Gurumo ni nani? Bendi iliyobadili majina yote hayo na bado inapanda jukwaani imebebwa na watu wengi, wakiwemo wale ambao hamkuwapenda. Wapeni haki yao. Mungu hapendi dhuluma, hata ya kwenye muziki.

Kijana wa Nansio, wazee wako wakikuzonga tena usiwapandishie sauti. Waombe wakuwekee wimbo mmoja wa NUTA wanaoupenda, uusikilize wote, halafu waulize nani anapiga besi. Anayejua, kaa naye miaka. Asiyejua atapunguza maneno.

Jambo langu la mwisho ni ombi. Natafuta nyimbo za JUWATA za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilizorekodiwa RTD, bendi nzima ikiwa studio pamoja. Mwenye kanda, hata kama utepe umekatika, tuwasiliane. Nitaufuata popote ukanda huu wa ziwa na nitauunga mwenyewe.