Picha kupauka ukishaitoa Photoshop

Kaka, hilo la picha za harusi kung'aa ndani ya Photoshop halafu ukizirusha kwenye simu zinapauka, kitenge chekundu kinakuwa kama kimefuliwa mara hamsini, wala si kamera mbovu, ni profaili ya rangi tu, yaani ile lebo ndani ya faili inayosema namba za rangi zisomweje. Nahisi umefanyia kazi kwenye Adobe RGB, ile ya 1998, ambayo ni pana (inabeba rangi nyingi) kuliko sRGB, ile ya kawaida ya simu na mitandao, hasa upande wa kijani, sasa app ikishaifuta ile profaili au isipoijali inazisoma namba zilezile kama vile ni za sRGB, ndo rangi zinakufa.

Nenda Edit, halafu Convert to Profile, chagua sRGB. Usibonyeze Assign Profile jamani!! Wengi ndo wanapoharibia hapo, hiyo inabadilisha lebo tu, namba zinabaki vilevile, mwonekano unavurugika. Ukitoa kwa Export As tiki Convert to sRGB na Embed Color Profile. Kwenye Lightroom, ile programu nyingine ya kuhariri picha, ni rahisi zaidi, kwenye eksipoti kuna Color Space, weka sRGB, basi.

Na usihangaike kurudi kubadili kwenye kamera kama unapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ile setingi ya Adobe RGB inagusa JPEG, RAW haiigusi.

Za kuprinti muulize kwanza mwenye mashine anataka profaili gani, usimpelekee CMYK (mfumo wa rangi za wino wa kuprintia) ya kubahatisha, maana ukishabadili zile rangi kali zilizokatwa hazirudi, labda uwe umetunza orijino.