Tulirekodi shoo yetu, sauti imetoka mbovu, tununue kamera nyingine?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi tuna bendi ndogo, juzi tumepiga laivu tukajirekodi na kamera tatu, picha si mbaya ila sauti inavuma kama mtu anaimba ndani ya pipa, halafu kamera ya nyuma mdomo wa mwimbaji hauendani na maneno na uso wake umekuwa mweupe pee. Mwezi ujao tunapiga tena, je tuchange tununue kamera kali zaidi?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hela shikilieni kwanza. Maiki ya kamera ikikaa nyuma ya ukumbi inasikia kuta na kelele kuliko mwimbaji mwenyewe, hata kamera iwe ya bei gani. Na sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo ukiwa mita 34 kutoka kwenye spika inakufikia imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, ukirekodi fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde hapo zimeshapita mbili na nusu, lazima jicho lione.

Mfuateni fundi mitambo wakati wa saundi cheki, sio watu wameshajaa, mumuombe laini ya kutoka kwenye mixa, ile mashine yake ya kuchanganyia sauti, iingie kwenye rekoda yenu. Ila hiyo peke yake haitoshi jamani, kwenye ukumbi mdogo dramu na gitaa zinasikika zenyewe kwahiyo fundi hazipandishi sana, mkifika nyumbani mnakuta mwimbaji kajaa na dramu ziko mbali huko. Ongezeni maiki mbili zinazoangalia watu, mje mchanganye baadaye. Mimi video ya laivu ambayo sisikii watu wakiitikia kibwagizo naona kama imerekodiwa chumbani.

Kabla hamjaanza mtu mmoja apige kofi mbele ya maiki ya jukwaani, kamera zote zikiwa zinarekodi na zinamwona. Wakati wa kuhariri, video ya kamera ya nyuma muipange na lile kofi la kwenye rekoda kwa kuangalia mikono inapokutana, msifuate sauti ya kamera hiyo.

Huo uso mweupe ni otomatiki, kamera imeona giza la ukumbi ikaongeza mwanga. Toeni otomatiki, pimeni mwanga usoni kwa mwimbaji taa za shoo zikiwaka.

Kamera moja ipige jukwaa zima bila kuguswa mpaka mwisho, wengine wakikosea mnarudi hapo. Na kila anayeshika kamera apewe listi ya nyimbo imeandikwa solo inaingia wapi na ya nani, inauma sana gitaa linalia halafu kamera zote ziko kwa mwimbaji anakunywa maji.